Kuruta Hufeli kwenye Maelezo: Yanayoonekana Ukifundisha Polisi Wapya Vyuo vya Jamii vya California

Tanzania, kijana akipelekwa Shule ya Polisi Moshi, au Kenya akiripoti Kiganjo, serikali imeshamchukua tayari. California mambo yanaweza kwenda kinyume. Mtu anajiandikisha mwenyewe kwenye chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili), kwa mfano Rio Hondo College kule Whittier, Golden West College kule Huntington Beach au Santa Rosa Junior College, analipa ada, ananunua sare, buti, mkanda wa kazi na pingu kwa pesa yake, anasoma kozi nzima ya msingi ya upolisi, na siku ya kuhitimu bado hana mwajiri. Dawati la pili ameketi mwenzake aliyeajiriwa na idara ya mji fulani, anayepokea mshahara huku akisoma. Mtihani wao ni mmoja na mkufunzi wao ni mmoja.

Anayefundisha aielewe tofauti hiyo tangu wiki ya kwanza. Aliyeajiriwa akilegea, chuo kinapiga simu idarani kwake na jioni hiyohiyo sajini wake anamtafuta. Aliyejilipia hana wa kumtafuta. Wengi wa kundi hili wanafanya kazi usiku, ulinzi au ghalani, na wanaingia darasani saa 12 asubuhi hawajagusa kitanda. Kuruta wa namna hiyo akisinzia kwenye somo la sheria anapoteza alama. Akisinzia kwenye uwanja wa shabaha anaweza kumuua mwenzake. Kwa hiyo kabla ya kumpa adhabu, muulize analala saa ngapi na kodi ya nyumba inalipwa na nani. Hesabu ikikataa, mwelekeze kwenye kozi ya awamu, ile inayosomwa jioni na mwisho wa wiki kwa ngazi tatu. Inachukua muda mrefu zaidi, lakini mtu haachi kazi yake, na anayehitimu kwa njia hiyo ana hadhi ileile.

Kiwango kinawekwa na tume ya jimbo ya viwango na mafunzo ya polisi, ijulikanayo kwa kifupi kama POST, iliyoundwa mwaka 1959. Kima cha chini cha kozi ya msingi ni saa 664, na vyuo vingi huongeza saa 200 au zaidi. Masomo yamegawanywa katika sehemu zaidi ya 40, kila moja na namba yake: ya 15 ni sheria za ukamataji, ya 16 upekuzi, ya 18 uandishi wa ripoti, ya 19 uendeshaji wa magari, ya 20 matumizi ya nguvu, ya 33 ukamataji na udhibiti, ya 35 silaha. Ada ya chuo cha jamii kwa mkazi wa California ni dola 46 kwa yuniti (kipimo cha ukubwa wa somo), kwa hiyo ada si mzigo mkubwa. Kinachomaliza watu pesa ni vifaa, risasi, na miezi ya kuishi bila mshahara.

Kabla ya kuingia kuna mtihani wa kusoma na kuandika. Asiyekuwa na mwajiri lazima pia apate barua ya Idara ya Sheria ya jimbo kuthibitisha kwamba hana rekodi ya jinai inayomzuia kushika silaha. Sheria ya mwaka 2021 ilipandisha umri wa kuajiriwa kuwa polisi hadi miaka 21. Wasomaji walioko San Diego au Sacramento wajue na hili: tangu Januari 1, 2023, jimbo halidai tena uraia wa Marekani kwa polisi, linadai mtu awe na haki halali ya kufanya kazi nchini. Hata hivyo idara inaweza kuwa na masharti yake, kwa hiyo uliza idara unayoilenga kabla hujalipa ada.

Sasa kwenye lenyewe. Watu wa nje wakifikiria chuo cha polisi wanawaza mbio, ukuta na bastola. Ukifundisha kwa muda utaona kwamba hivyo vyote vinafundishika, na kwa haraka kuliko unavyodhani. Kinachomtoa kuruta mwenye nguvu, mwenye nidhamu na mwenye nia njema ni kushindwa kueleza kwa nini alifanya alichofanya. Anafanya uamuzi sahihi, akiulizwa sababu anasema "nilihisi tu." Polisi anayehisi tu hawezi kusimama mahakamani, na mtu aliyezuiwa na polisi wa namna hiyo hatendewi haki hata kama mwisho wa siku alikuwa na kosa.

Tuanze na mwili, kwa sababu hauhitaji maneno mengi. Mtihani wa mwisho una sehemu tano: mbio za vikwazo za yadi 99, kuburuta mwanasesere wa paundi 165 (kama kilo 75) kwa futi 32, kupanda uzio wa waya wa futi 6, kupanda ukuta wa mbao wa futi 6, na mbio za yadi 500. Alama za chini za kufaulu ni 384. Ukuta unawashinda wanaotaka kujivuta kwa mikono. Mfundishe auendee kwa kasi, apige unyayo ukutani usawa wa nyonga, asukume kwa mguu huo huku viganja vimeshika juu. Mikono ni ya kumshikilia, mguu ndio unaompandisha. Mwanasesere anawashinda wanaoinama. Chuchumaa nyuma yake, pitisha mikono chini ya kwapa zake, fumba viganja kifuani pake, inuka kwa mapaja, kisha rudi nyuma kwa hatua fupi na za haraka. Anayechukua hatua ndefu hupoteza mizani.

Majeraha mengi ya mwanzo ni ya ugoko, na sababu ni ileile kila darasa: mtu hakuwa anakimbia kabisa, ghafla anakimbia siku tano kwa wiki juu ya lami, tena na buti mpya. Ongeza mazoezi polepole, changanya nyasi na lami, na mwambie kuruta avae buti zake nyumbani wiki kadhaa kabla ya siku ya kwanza. Mkufunzi anayeona fahari darasa lake kuchechemea anapoteza watu ambao angewahitaji wiki ya kumi.

Uandishi wa ripoti unahitaji subira kuliko kitu kingine chochote kwenye kozi. Mazoezi huanza hivi: makuruta wanaona tukio la kuigiza, wanapewa dakika 20, wanaandika. Matokeo ya mara ya kwanza karibu yote hufanana:

"Nilimwona mwanamume akiwa na wasiwasi. Alifanya miondoko ya kutia shaka. Nilihofia usalama wangu, nikampekua."

Sentensi tatu, na hakuna hata moja yenye tukio ndani yake. Wasiwasi ni hitimisho. Kutia shaka ni hitimisho. Kuhofia ni hitimisho. Muulize kuruta: macho yako yaliona nini? Atakujibu mara moja, kwa sababu aliona. Alichokosa ni tabia ya kukiweka alichokiona kwenye karatasi. Baada ya kusahihishwa mara kadhaa, aya hiyohiyo inakuwa hivi:

"Saa 4:40 usiku nilimkuta mwanamume akiinama kwenye dirisha la gari lililoegeshwa nyuma ya duka lililofungwa, mkononi ana tochi. Aliponiona aligeuza ubavu wake wa kulia mbali nami na kubana kiwiko kiunoni. Chini ya shati, upande huo, niliona kitu kigumu chenye umbo la mpini. Nilimwambia aondoe mkono kiunoni. Hakuuondoa. Nilimpapasa juu ya nguo, kiunoni kulia, nikagusa mpini wa kisu."

Polisi ni yuleyule na usiku ni uleule. Ripoti ya kwanza inaweza kufanya kisu kiondolewe kwenye ushahidi, ya pili inasimama. Tangu kesi ya Terry v. Ohio ya Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1968, kumsimamisha mtu kwa muda kunahitaji mambo mahususi yanayoonyesha kwamba huenda kuna uhalifu, na kumpapasa kunahitaji sababu nyingine tofauti, ya kuamini kwamba ana silaha na ni hatari. Makuruta huchanganya sababu hizo mbili kuwa moja. Kwenye aya ya pili zimetengana: tochi dirishani ndiyo inayomsimamisha, kiwiko na mpini ndivyo vinavyoruhusu kumpapasa. Waambie wachore mstari kwenye ripoti yao palipo na sababu ya kwanza, na mistari miwili palipo na ya pili. Isipokuwapo mistari miwili, hapakuwa na haki ya kumgusa.

Njia inayofanya kazi vizuri kuliko kalamu nyekundu ni hii: chukua kuruta ambaye hakuwepo kwenye tukio, mwenzake amsomee ripoti kwa sauti, naye achore ramani ya tukio ubaoni. Nani alisimama wapi, mlango uko upande gani, mkono gani ulishika nini. Pale chaki inaposimama ndipo ripoti ilipo na shimo. Mwandishi analiona mwenyewe bila kuaibishwa, na halisahau tena.

Mashimo ya kawaida ni machache na yanarudi kila darasa. Kutendewa bila mtenda: "alilazwa chini," "alifungwa pingu." Na nani? Kufupisha maneno ya shahidi kwa lugha ya kipolisi. Kama mama alisema "alinikaba mpaka nikaona giza," andika hivyo hivyo, kwa sababu kuona giza kunamwambia daktari na mwendesha mashtaka jambo ambalo "alishambuliwa shingoni" halisemi. Kuandika kwa mpangilio wa alivyogundua badala ya mpangilio wa saa. Na kunakili ripoti ya zamani na kubadilisha majina, hapo ndipo gari jekundu linabaki jekundu kwenye kesi ya gari jeupe.

Kwa kuruta ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, habari ni njema kuliko anavyoogopa. Kwa kawaida huandika sentensi fupi, na sentensi fupi ndizo zinazotakiwa. Anayetoka kwenye Kiswahili achunge jambo moja: lugha yetu haitofautishi yeye wa kiume na yeye wa kike, na kwenye haraka ya kuandika anaweza kumgeuza mwanamke kuwa mwanamume katikati ya aya. Dawa ni kutumia jina la ukoo la kila mhusika kila mara, hata likijirudia. Ripoti haitafuti sifa ya ufasaha.

Uongo kwenye ripoti hauna mtihani wa marudio. Tangu kesi ya Brady v. Maryland, 1963, upande wa mashtaka unalazimika kumpa mshtakiwa ushahidi unaomsaidia, na ushahidi kwamba polisi aliwahi kusema uongo kazini huingia humo. Sheria ya California ya mwaka 2021 iitwayo SB 2 imeongeza kwamba polisi anaweza kunyang'anywa cheti chake na jimbo, na udanganyifu katika kuripoti au kuchunguza ni mojawapo ya sababu. Kwa hiyo kuruta anayeongeza maneno ili ripoti ipendeze, hata kwenye zoezi, anaitwa ofisini siku hiyohiyo. Anayeandika "sikumbuki aliishika kwa mkono gani" apewe sifa mbele ya darasa.

Sheria ya jinai inafundishwa vibaya pale inapokaririshwa kwa namba za vifungu. Kuruta anajua kwamba 459 ni uvunjaji na 211 ni unyang'anyi, lakini mtu akija analia "nimeibiwa" hajui pa kuanzia. Mtu aliyekuta nyumba yake tupu na mtu aliyenyang'anywa simu kwa kisu wote wanasema wameibiwa. Mpe kuruta kadi yenye viungo vya kosa, kisha atafute tukio moja kwa kila kiungo. Unyang'anyi unataka nguvu au hofu, na mali itoke kwa mtu mwenyewe au mbele yake. Uvunjaji unataka mtu awe ameingia akiwa tayari ana nia ya kuiba au kutenda kosa kubwa. Nia hiyo haionekani kwa macho. Inaonekana kwa bisibisi mfukoni, kwa begi tupu, kwa saa aliyoingia. Na aliyeingia dukani mchana, duka likiwa wazi, akiwa na nia ya kuiba bidhaa isiyozidi dola 950, tangu mwaka 2014 kwa kawaida ana kosa jingine dogo zaidi. Kiungo kimoja kikikosa tukio, kuruta asikisie. Arudi kuuliza.

Mitihani ya maandishi ina nafasi moja ya kurudia. Ukishindwa mara ya pili unatoka kwenye kozi, hata kama unapiga shabaha kuliko wote. Wanaoanguka hapa aghalabu ni wanaosoma peke yao usiku wa kuamkia mtihani. Vikundi vya watu wanne, kila mmoja akifundisha wenzake sehemu moja, huokoa watu wengi, kwa sababu anayelazimika kumweleza mwenzake tayari anafanya zoezi la kueleza.

Matumizi ya nguvu ni mahali ambapo kila kitu kinakutana. Kesi ya Graham v. Connor ya mwaka 1989 inapima nguvu kwa macho ya polisi mwenye busara aliyekuwa pale wakati ule. California imeongeza: tangu Januari 1, 2020, kifungu cha 835a cha sheria ya jinai ya jimbo kinaruhusu nguvu ya kuua pale tu polisi anapoamini kwa sababu za busara kwamba ni ya lazima kulinda maisha au kuzuia madhara makubwa ya mwili. Kukaba mishipa ya shingo kumepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2020. Makuruta hushika haraka fomula ya "nilihofia maisha yangu" na kuitumia kama ufunguo wa kila mlango. Ivunje mapema. Baada ya kila igizo uliza maswali manne kwa mpangilio huohuo: Uliona nini? Ulikielewaje? Ulikuwa na njia gani nyingine? Kwa nini hukuitumia? Swali la nne ndilo linalofundisha. Kuruta anayejibu "sikuiona njia nyingine" apelekwe tena kwenye eneo la igizo, asimame alipokuwa amesimama, aonyeshwe gari ambalo angejificha nyuma yake na futi 20 za kurudi nyuma alizokuwa nazo.

Kosa moja utaliona darasa baada ya darasa. Mwigizaji ana kisu, anaongea peke yake, hamsogelei mtu. Kuruta anapaza sauti: "Tupa kisu!" Anarudia, anarudia, sauti inapanda, na hakuna kinachobadilika. Mwenzake anapiga kelele "inua mikono!" na wa tatu "usitikisike!" Mtu huyo hata akitaka kutii hawezi, maana hawezi kuinua mikono bila kutikisika. Kanuni tunayowafundisha ni kwamba aongee mmoja, amri ikikataliwa mara mbili badilisha kitu: maneno, umbali, au mwongeaji. Jitambulishe kwa jina. Uliza swali badala ya kutoa amri. Wengine wawili wawe na kazi nyingine, mmoja na kifaa kisichoua, mmoja akiangalia watu wanaopita. Sheria ya mwaka 2015 iliweka angalau saa 15 za mafunzo kuhusu watu wenye maradhi ya akili na ulemavu wa akili kwenye kozi ya msingi, na saa hizo zisimalizwe kwa slaidi. Zinafaa kuwa saa za kuongea na mtu anayeigiza vizuri.

Hapa na wakufunzi wana lawama yao. Ukitunga maigizo kumi, na manane kati ya hayo yakaishia kwa risasi, umewafundisha makuruta kwamba kila mlango una bunduki nyuma yake. Mengi lazima yaishe kwa maneno, machache kwa pingu, moja au mawili kwa silaha, na kuruta asijue lipi ni lipi. Pia usimpe mwigizaji uhuru wa kupinga hata kuruta anapofanya vizuri. Akiongea vizuri, mwigizaji alegee, la sivyo kuruta ataamini maneno hayasaidii.

Pingu zinaonekana jambo dogo. Hatari kubwa iko kati ya mkono wa kwanza na wa pili, maana mtu akichomoka hapo ana chuma kwenye kifundo cha mkono. Kwa hiyo weka mwili wake kwanza, ndipo uguse: miguu imepanuka, viganja vimetazama nje, migongo ya mikono imekutana, nawe umesimama pembeni nyuma yake. Pingu isukumwe kwenye kifundo. Ukiipiga juu ya mfupa inaumiza na inamfanya mtu arukeruke. Fungia mkono wa kwanza, ulete wa pili, ufunge. Pitisha ncha ya kidole kati ya chuma na ngozi, isipopita, legeza. Kisha bonyeza kufuli ya pili kwa kinundu cha ufunguo. Hii ndiyo hatua inayosahauliwa zaidi. Bila kufuli ya pili, mtu akikaa kwenye kiti cha gari na kuegemea mikono yake, meno ya pingu yanasonga mbele yenyewe, yanabana neva, na ganzi ya nyuma ya kidole gumba inaweza kukaa wiki nyingi. Upekuzi unafuata baada ya pingu, kuanzia kiunoni ambako mikono inafika. Na aliyelala kifudifudi ageuzwe ubavu au akalishwe mara tu anapodhibitiwa, apate kupumua. Sheria ya California ya mwaka 2021 inakataza mbinu za kumlaza na kumkandamiza mtu kwa namna inayoweza kumziba pumzi. Kisha aandike yote: ncha ya kidole ilipita, kufuli ya pili ilifungwa, saa ngapi.

Kwenye bastola, ambaye hajawahi kushika silaha mara nyingi hufundishika upesi kuliko aliyefundishwa na mjomba, kwa kuwa hana tabia za kufuta. Risasi za anayetumia mkono wa kulia zikikusanyika chini kushoto, anashtukia mlio kabla haujaja na kuikwatua triga. Usimhubirie. Changanya risasi bandia zisizo na baruti ndani ya magazini yake bila yeye kujua zilipo. Triga ikivutwa juu ya risasi bandia, mdomo wa bastola utainama mbele ya macho yake, na ataelewa. Kidole kinachobaki kwenye triga wakati wa kutembea au kugeuka ni kosa la kusimamisha zoezi papo hapo, kila mara, kwa kila mtu, hata kama ndiye kiongozi wa darasa.

Gari linadhuru polisi na raia, na bado makuruta hulichukulia kama burudani. Wanafunga breki wakiwa tayari kwenye kona. Breki iishe kabla ya kona, kisha macho yaangalie pa kutokea. Anayeangalia koni ataigonga. Ving'ora na taa vinakuruhusu kuvuka baadhi ya sheria za barabarani chini ya kifungu cha 21055 cha sheria ya magari ya jimbo, ila kifungu kinachofuata, 21056, kinasema bado una wajibu wa kujali usalama wa wengine. Kwenye taa nyekundu, punguza mpaka uweze kusimama, halafu vuka njia moja baada ya nyingine, ukihakikisha kila dereva amekuona. Na kwa kasi kubwa unawafikia watu kabla hawajausikia king'ora chako sawasawa. Ajali ndogo nyingi hutokea wakati wa kurudi nyuma kwenye maegesho. Mzunguko mmoja wa kulizunguka gari kwa miguu unazizuia.

Redio ni somo fupi. Kwanza uko wapi, pili kuna nini, tatu unataka nini. Kuruta mwenye hofu huanza na hadithi, na redio ikikatika katikati hakuna anayejua pa kumfuata. Mzoeshe kwa kumuuliza ghafla, popote, hata akielekea kula: "Uko wapi?" Ajibu makutano ya karibu na upande anaoelekea. Wiki chache tu na atakuwa anasoma vibao vya mitaa bila kujijua.

Kuhusu kupiga kelele. Kuna vyuo vinavyofundisha kijeshi na vingine kama darasa la kawaida, na vya jamii viko katikati. Shinikizo lina kazi yake, kwa sababu mtaani kuna shinikizo. Lakini liwekwe juu ya kitu ambacho kuruta ameshafundishwa. Kumkaripia asiyejua hakumfundishi; kunamfundisha kuficha asichojua, na hiyo ndiyo tabia mbaya kuliko zote kwa mtu atakayeandika ripoti. Kila anayeshindwa apewe karatasi inayosema ameshindwa wapi hasa, afanye nini, na atapimwa tena lini. "Jitahidi zaidi" haimsaidii mtu.

Anayehitimu akiwa na ajira anaingia mafunzo ya mtaani chini ya ofisa mkufunzi, kwa kiwango cha chini cha wiki 10 California, kwa mfumo uliotokana na kazi ya polisi wa San Jose miaka ya 1970. Kila siku anapewa alama, na ofisa huyo humuuliza maswali yaleyale manne tuliyoyataja. Anayehitimu bila ajira ana miaka mitatu. Ikipita bila kuajiriwa, kozi yake inahesabika imechakaa na atalazimika kuihuisha. Wakati wa kungoja, shabaha na sheria ndizo zinazotoka kichwani kwanza. Wanaofanya vizuri kwenye usaili ni wale wanaoendelea kukutana na kikundi chao, wanafuatilia mabadiliko ya sheria kila Januari, na kila wiki wanachagua jambo moja walilolishuhudia barabarani au dukani na kuliandika kama ripoti, ukurasa mmoja, wakampa mwenzao alichore.